Ugumu Si Uimara

Masomo ya wiki: Danieli 3, Isaya 42:3, 1 Petro 1:6–7



Wengi wenu mlikuwepo Jumapili ile ya Desemba, siku ya chakula cha wageni, wakati kisu kikubwa cha jikoni kilipovunjika vipande viwili kwenye paja la mbuzi. Akina mama wa jikoni walicheka sana. Mmoja akasema ati mbuzi huyo alikuwa hajaokoka. Tukaazima panga kwa jirani, chakula kikaiva, wageni wakala, na kwa wengi jambo likaishia hapo.

Kwangu halikuishia hapo, kwa sababu kile kisu nilikinunua mimi, wiki mbili tu kabla ya siku hiyo. Aliyeniuzia aliniapia kuwa hakuna kisu kigumu kama hicho. Basi nikafunga vile vipande kwenye gazeti, na Jumanne nikampelekea fundi mmoja wa jua kali hapa mjini Machakos, mzee ambaye amekuwa akifua visu na mapanga tangu kabla mimi sijazaliwa. Kusema kweli, nilitaka aniambie kwamba nilitapeliwa, kwamba chuma chenyewe kilikuwa laini.

Mzee alikitazama pale kilipokatikia. Akakigeuza kwenye mwanga, kisha akaniita nisogee.

"Unaona nini hapo, Pasta?"

"Naona chembe chembe, Mzee. Kama sukari."

"Ehe. Aliyekitengeneza alizidisha moto, halafu hakukirudisha. Lakini hakukudanganya, kijana wangu. Hiki kisu ni kigumu kweli. Ndiyo maana kimevunjika."

Nimetembea na maneno hayo miezi kadhaa sasa. Yamegusa swali ambalo sisi wahubiri tunalijibu haraka haraka kila Jumapili: je, mateso humwimarisha mtu? Tunasema ndiyo. Tunamwambia aliyefutwa kazi, aliyefiwa, aliyeachwa, kwamba Mungu anampitisha kwenye moto ili atoke imara. Watu wanasema amina. Lakini pale kibandani kwa fundi nilijifunza kwamba moto una mambo mengi kuliko tunavyohubiri, na kwamba mimi mwenyewe nimewahi kuutumia vibaya. Wacha nianze na chuma, halafu nitafika kwangu.

Kwanza, mhunzi haanzi na moto. Anaanza na swali: hiki ni chuma gani? Nyuma ya kibanda cha mzee kuna rundo la vyuma chakavu: springi za lori, tupa zilizokwisha meno, vipande vya nondo za ujenzi, vijiko na sufuria za stenlesi. Kwa macho yangu vyote ni chuma. Yeye huchukua kipande, akakigusisha kwenye grenda, akaangalia cheche. Nondo ya kawaida hutoa cheche ndefu, laini, zisizopasuka sana. Tupa hutoa cheche zinazopasuka kama nyota nyingi ndogo. Tofauti yao kubwa ni kaboni iliyo ndani. Nondo ina kaboni kidogo, mara nyingi chini ya asilimia 0.3. Springi ya lori ina karibu asilimia 0.6. Tupa nzuri ina karibu asilimia 1 au zaidi kidogo. Ukiangalia hesabu hizo unaona ni vitu vidogo sana, lakini ndizo zinazoamua chuma kitafanya nini kikikutana na moto.

Nondo unaweza kuiwasha mpaka iwe nyekundu, ukaitumbukiza kwenye maji mara kumi, na bado haitashika makali ya kisu. Springi ukiifanyia vivyo hivyo kwenye maji, inaweza kupata ufa. Mzee anasema wakati mwingine unausikia mlio wake, "tii", na hapo kazi ya siku nzima imekwenda. Springi inataka oili, kwa sababu oili huipoza polepole kuliko maji. Kijiko cha stenlesi hakiwi kigumu kwa moto kabisa, hata ukichome vipi. Na ile stenlesi ya kutengenezea visu inataka moto wa zaidi ya nyuzi 1,000, ukae hapo kwa muda uliopimwa, jambo ambalo mkaa na macho peke yake haviwezi kulihakikisha. Moto ni ule ule mmoja, na kila chuma kinatoka na jibu lake.

Pili, hata chuma kinachofaa kina kiasi chake cha moto. Mzee amefunga sumaku ya spika mbovu kwenye waya. Chuma kinapowaka anakigusisha nayo. Kikifika karibu nyuzi 770, sumaku haikishiki tena. Anaongeza moto kidogo tu juu ya hapo, kisha anakichovya. Akikiacha kiendelee kuwaka mpaka kiwe cheupe kwa moto, zile chembe za ndani hukua, na hiyo ndiyo sukari niliyoiona. Kwa nje kisu kinang'aa. Udhaifu wake umejificha ndani, unangoja paja la mbuzi.

Tatu, na hili ndilo sikulijua kabisa: chuma kikishachovywa kazi haijaisha. Wazee wa Kiswahili huita kazi hii ya moto na kuchovya kutia matiko. Chuma kilichotoka tu kwenye oili ni kigumu kiasi kwamba tupa inateleza juu yake. Lakini ukikiangusha kwenye sakafu ya simiti kinaweza kupasuka kama kigae. Kwa hiyo mzee hukisugua kwa msasa mpaka king'ae, halafu anakirudisha kwenye moto. Huu ni moto mdogo, wa upole, na anaanzia mgongoni mwa kisu, mbali na makali. Anakaa hapo akitazama rangi. Inakuja rangi ya majani makavu, kwenye nyuzi kama 220 au 230. Kisha kahawia, kisha zambarau, kisha bluu, karibu nyuzi 300. Kisu cha nyama anakisimamisha kwenye majani makavu. Panga la kukata miti analiacha liende mbele zaidi. Kila hatua inapunguza ugumu kidogo na kuongeza uwezo wa kustahimili pigo.

Ndugu zetu wachongaji wa Wamunyu wanalielewa jambo hili. Tangu Mutisya Munge aliporudi na ufundi huo kutoka Tanganyika baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kazi yao imetegemea vyuma vya aina mbalimbali. Tezo linalopiga gogo siku nzima halihitaji ugumu sawa na kisu kidogo cha kumalizia jicho la twiga. Ukilifanya tezo liwe gumu kama kisu hicho, litamenyeka makali siku ya kwanza.

Basi ugumu ni kitu kimoja, na uimara ni kitu kingine. Kitu kigumu hakikwaruziki. Kitu imara hupigwa na bado kikabaki kizima. Moto wa kwanza unaleta ugumu. Uimara unakuja na moto wa pili, ule wa upole, ambao mtu mwenye haraka huuruka.

Sasa nifike kwangu.

Mnajua nilisomea biashara kabla ya kuitwa kwenye huduma. Chuoni nilifundishwa kupenda mfumo: mpango mmoja, kipimo kimoja, matokeo yanayolingana. Nilipokabidhiwa darasa la viongozi vijana, nilileta mfumo huo kanisani. Vijana 12, miezi 3. Kufunga siku 21. Kesha kila Ijumaa. Kila mmoja atembelee nyumba 5 kwa wiki kwa nauli yake mwenyewe, na kila Jumapili hesabu ya kila mtu iandikwe ubaoni mbele ya wenzake. Aliyebaki nyuma nilimsimamisha na kumwombea kwa sauti. Niliuita mpango huo tanuru, na nilijivunia jina hilo.

Wengine walinawiri, sitakana. Baadhi yao leo wanaongoza ushirika wa nyumbani na wanasema darasa lile liliwajenga. Lakini kijana mmoja, ambaye ameniruhusu niandike habari hizi bila jina lake, alikuwa amemzika mama yake miezi miwili kabla ya darasa kuanza. Nililijua hilo, nilihubiri kwenye mazishi. Hesabu zake zilipokuwa chini nilimwambia mbele ya wote kwamba huu ni moto wa Mungu, na kwamba asikubali kuwa chuma laini. Akakaza. Akamaliza. Nikampa cheti na ushirika wa kuongoza, nikasema huyu ndiye ushuhuda wa darasa.

Baada ya miezi minne nikaanza kupokea malalamiko. Mjane mmoja alichelewa kufika kwenye ushirika kwa sababu ya mtoto mgonjwa. Kijana alimwambia mbele ya watu kwamba Mungu hana kazi na visingizio. Mama yule akalia, akaacha kuja. Hayo maneno yalikuwa yangu. Niliyasema mimi darasani, naye akayabeba kama alivyoyapokea. Na siku moja yeye mwenyewe akaacha kuja. Hakuaga mtu. Akazima simu.

Nilichukua muda mrefu kumwendea, nami naona haya kuandika ni muda gani. Nilienda baada ya habari ya kisu. Alinikaribisha, akanichemshia chai. Nikamwomba msamaha. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Pasta, wewe hukuniuliza hata siku moja nilikuwa nalala saa ngapi." Kumbe miezi ile yote alikuwa akilinda duka usiku ili alipe deni la hospitali la mama yake. Alikuwa akitoka kazini asubuhi, anatembelea nyumba zangu tano mchana, na Ijumaa anaomba ruhusa kwa mwajiri aje kesha, halafu anakatwa mshahara. Alikuwa motoni tayari. Mimi nikaongeza mkaa.

Alinisamehe kwa mdomo, nami nampa muda wa mengine. Hajarudi kanisani. Sina ushuhuda wa mwisho mwema wa kuwapa hapo, na sitautunga.

Nikarudi kusoma Danieli 3, sura ambayo nimeihubiri mara nyingi. Safari hii nikajiuliza jambo ambalo sikuwahi kujiuliza: ni nani aliyewasha tanuru ile? Ni mfalme Nebukadneza. Ni yeye aliyeamuru iwashwe mara saba kuliko kawaida, na moto ulikuwa mkali hivi kwamba uliwaua watu wake mwenyewe waliowatupa Shadraka, Meshaki na Abednego. Mungu wetu yuko wapi katika habari hiyo? Tunamwona ndani. Mfalme alitupa watu watatu, akachungulia akahesabu wanne. Hakuna mstari unaosema kwamba Mungu alisimama mlangoni akipima joto. Wapendwa, siku nilizokuwa nikiandika hesabu ubaoni nilidhani nimesimama upande wa Mungu. Nilikuwa nimesimama mlangoni pa tanuru pamoja na watumishi wa mfalme.

Mtu ataniuliza: Mchungaji, je, si Isaya 48:10 inasema Mungu mwenyewe aliwajaribu watu wake katika tanuru ya mateso? Na Petro, je, hakufananisha imani yetu na dhahabu ijaribiwayo kwa moto? Ni kweli, nami siyafuti maandiko hayo. Lakini angalieni anayesema ni nani. Ni yeye aliyetuumba, anayejua kila mmoja wetu ameumbwa kwa nini. Anajua kaboni yako. Na huyo huyo, katika Isaya 42:3, anaelezwa kuwa ni mtumishi asiyeuvunja hata unyasi uliopondeka. Mwenye mkono wa namna hiyo anaweza kuaminiwa na moto. Mimi sina mkono huo, wala wewe huna. Kwa hiyo Mungu akitumia moto ni juu yake. Hakuna mahali alipotuajiri kuwasha moto kwa ajili ya wenzetu, halafu tuuite kwa jina lake.

Na kuna pingamizi lingine, ambalo mama mmoja wa ushirika wetu alinitolea nilipomwonjesha mawazo haya. Aliuliza, "Kwa hivyo unasema wengine wetu ni nondo? Sisi ni wa daraja la chini?" Nikarudi kwa mzee na swali lake. Mzee akacheka. Akaninyooshea kidole jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa ng'ambo ya barabara. "Lile linashikwa na nini?" Ni nondo ndani ya simiti. Na nondo inafaa pale kwa sababu ile ile haifai kwa kisu: inakubali kupinda kidogo bila kukatika. Ukijenga ghorofa kwa chuma kigumu kama tupa, siku ardhi itakapotikisika hutapenda kuwa chini yake. Basi mama yangu, ukiwa ni mtu unayelia haraka, unayepinda chini ya mzigo na kusimama tena polepole, usikubali mtu akuambie hujaiva kiroho. Inawezekana kuna nyumba nzima imeshikwa na wewe.

Nasema haya pia kwa wazazi. Una watoto wawili. Mmoja ukimkaripia juu ya alama zake anakasirika, anasoma, anakuja na alama bora. Ukaamini umepata dawa. Mdogo wake ukimkaripia kwa maneno yale yale, anaingia chumbani na hatoki. Kwani wamezaliwa nyumba moja, si ndiyo? Ndiyo, lakini springi na tupa pia hutoka kwenye rundo moja. Na wewe mwajiri wa duka, wewe bosi wa ofisi, usiseme "mimi pia nilipitia magumu, acha nao wapitie." Huenda magumu hayo hayakukujenga. Huenda yalikuacha mgumu tu, na walio karibu nawe ndio wanaojua palipo na ufa.

Sasa sisi kama kanisa tufanye nini? Moto wa kwanza umejaa kila mahali. Hatuhitaji kuuongeza: kuna ukame, deni, ugonjwa, kodi ya nyumba, mazishi. Watu wanafika Jumapili wakiwa tayari wametoka kuchovywa. Kazi iliyobaki, ambayo karibu hakuna anayeifanya, ni ile ya moto mdogo wa upole. Tazama mazishi yetu. Wiki ya kwanza tuko 300, tuna mahema, tuna sufuria, tuna kwaya. Wiki ya sita hakuna mtu. Na wiki ya sita ndipo aliyefiwa amebaki mgumu, hatoi machozi, anajibu watu kwa ukali, nasi tunasema, "Huyu amejikaza, asifiwe Mungu." Hapo ndipo anapohitaji mtu wa kukaa naye bila haraka, akitazama rangi ikibadilika. Kikombe cha chai. Swali moja dogo: unalala saa ngapi?

Darasa la viongozi litaanza tena mwezi ujao, na ubao wa hesabu hautakuwepo. Kabla ya kumpa mtu mzigo wowote nitamtembelea nyumbani kwake kwanza, nimsikilize. Nimewaomba wazee wa kanisa wanisimamie katika hilo, kwa sababu najijua, napenda mfumo.

Mzee alinitengenezea kisu kipya kwa springi ya lori. Kiko jikoni. Akina mama wanasema kinataka kunolewa mara kwa mara kuliko kile cha kwanza, nami nimewanunulia kinoo. Kimekwisha pita kwenye mbuzi watatu, na bado ni kizima.

Wiki hii, fikiria mtu mmoja aliyefiwa au aliyepoteza kazi miezi miwili au mitatu iliyopita, ambaye kila mtu anasema amejikaza. Nenda kwake. Usibebe mahubiri. Kaa.

Mungu awabariki.